Shangazi wa Gereji: Peugeot ya mjomba ina kutu, mke wangu ana hasira

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, ninaishi Buruburu na mke wangu na watoto wetu wawili. Mjomba wangu anayeishi Kikuyu amenipa Peugeot 504 saluni ya mwaka 1979, ile yenye namba ya zamani ya herufi tatu na tarakimu tatu, kabla ya hizi za KAA kuanza. Aliinunua akifanya kazi bandarini Mombasa, akapanda nayo bara alipostaafu, kisha ikalala chini ya mparachichi miaka na mikaka. Niliivuta hadi nyumbani kwa lori na tangu siku hiyo sijapata amani.

Injini imeshika, haizunguki. Milango imeoza chini. Nikiinua zulia upande wa dereva naona saruji ya maegesho. Kando ya kioo cha mbele rangi imefura kama malengelenge. Mimi ni karani wa hesabu, Shangazi, na spana nimeishika mara chache sana maishani, lakini nimeipenda gari hii tangu nikiwa mtoto na ninataka kuifufua kwa mikono yangu.

Rafiki yangu ananiambia nifungue kila kitu, bodi ibaki tupu, kisha nianze upya kama wazungu wa kwenye video. Fundi wa rangi wa hapa karibu anasema nisijisumbue, nimpe 85,000 na majuma mawili, itatoka kama mpya. Mke wangu naye anasema niwaite watu wa skrepa waipime kwa kilo. Tuna nafasi moja tu ya maegesho, kwa hivyo Vitz yake inalala nje ya geti, na mwezi uliopita wameng'oa kioo cha pembeni. Amenipa hadi Desemba. Nilipotaja mkopo wa sacco alinyamaza siku mbili.

Nifuate ushauri wa nani? Na mtu asiyejua kitu aanzie wapi?

Mpwa wako, Buruburu


Marahaba mpwa wangu,

Wa kwanza kukataliwa ni rafiki yako. Usifungue gari lote. Magari ya zamani niliyoona yakiishia kwa skrepa hapa mjini, mengi hayakumalizwa na kutu. Yalimalizwa na katoni za vipuri vilivyofunguliwa. Mtu anafungua kwa furaha wikendi tatu, nati zinaingia kwenye mkebe mmoja wa rangi, taa ziko stoo, viti kwa shemeji, na baada ya mwaka hakuna mtu duniani anayejua ile bolti ndefu ilitoka wapi. Hao wa kwenye video wana karakana yenye paa, wana lifti, na wameshafungua magari mengine kumi. Wewe una nafasi moja ya maegesho ambayo hata si yako peke yako. Fungua kona moja, itengeneze, ifunge, ndipo uende kona ya pili. Kila kitakachotoka kipigwe picha kwa simu kabla hujakigusa, na nati zake ziingie kwenye mfuko wa nailoni wenye karatasi ya maelezo ndani. Karani wa hesabu hashindwi na hilo. Pengine utalifanya vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua.

Fundi wa 85,000 nitamrudia. Kwanza tujue una gari au una umbo la gari.

Watu wa rika langu huamini 504 haifi. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na ile ya kupe, ya milango miwili, ikashinda tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na wengi wetu tumebebwa Nakuru tukiwa tumebanana kwenye zile ndefu za viti vya safu tatu. Lakini 504 saluni haina chesi, yaani fremu ya chini, ya pekee kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Ule mkanda wa chini ya milango, ambao mafundi huuita sili, ndio uti wa mgongo wake. Mlango uliooza ni aibu tu. Sili iliyooza ni jambo la uhai.

Kwa hivyo Jumamosi hii usinunue chochote. Chukua bisibisi ya zamani, nyundo ndogo, tochi na sumaku uliyoifunga kwa kitambaa isije ikakwaruza rangi. Pita na sumaku kwenye madigadi, chini ya milango na kwenye sili. Mahali inaposhika kwa nguvu pana chuma. Inapoteleza na kuanguka pana puti, ule uji mgumu wa kujazia mashimo kabla ya rangi, maana yake mtu alishawahi kuficha kitu hapo. Kisha gonga. Chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Halafu bonyeza kwa ncha ya bisibisi, usione huruma, kwa sababu pakitoboka kwa mkono wako pangetoboka siku moja barabarani. Vipele vya juu tu, ambavyo brashi ya waya ikipita chuma kinang'aa, havikuhusu leo. Kutu inayobanduka kwa matabaka imeshakula unene, na chuma kimebaki kiasi gani utajua ukikisafisha. Palipotoboka hapana dawa, panakatwa.

Kuna kipimo kimoja cha uti wa mgongo ambacho hakikugharimu kitu. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote, funga milango na upime pengo la juu, kati ya mlango wa dereva na nguzo iliyo nyuma yake. Andika. Kisha inua mbele kwa jeki ya troli, ukiiweka chini ya ule mhimili mzito unaobeba injini, usiiweke kamwe chini ya sili. Pima tena pengo lile lile, halafu jaribu kufungua mlango. Pengo likibaki vilevile na mlango ukifunguka kama kawaida, mgongo upo. Likibana, au mlango ukigoma kufunguka, bodi inapinda katikati. Hapo usiguse sili mwenyewe wala usikubali mtu aikate gari ikining'inia, kwa sababu ikichomelewa ikiwa imepinda itabaki hivyo milele. Tazama pia chini ya boneti, pale vichwa vya shokomzoba za mbele vinapofungwa kwenye bodi. Pakiwa pamekula na sili zote mbili zimekwenda, mpwa wangu, uza vipuri kwa mwenye 504 nzima na umshukuru mjomba. Sitakudanganya kwa sababu tu umeipenda tangu utotoni.

Tuseme mgongo ni mzima. Hilo shimo chini ya miguu ya dereva unadhani limetoka wapi? Wengi hudhani maji yalipanda kutoka barabarani. Kwa gari lililolala chini ya mparachichi nitaanzia juu. Inua boneti, tazama mfereji ulio chini ya wipa. Nina hakika utakuta majani yaliyogeuka mboji nyeusi, na vishimo vya kutolea maji vimeziba. Mvua ya miaka yote hiyo ilikaa hapo, ikakosa njia, ikashukia ndani kwenye zulia, na zulia likashika unyevu hata Januari. Malengelenge ya kando ya kioo ni ndugu wa shimo hilo: mpira wa kioo umekauka na maji yanapita chini yake. Ukibandika sakafu mpya kabla ya kuzuia maji ya juu, utaikata tena. Kokoa majani, zibua vishimo kwa waya, kisha mwaga maji kwa mpira wa bustani na utazame yanakotokea.

Tena maji hayo ya bomba yana kazi nyingine. Gari lako limeishi Mombasa. Chumvi ya bahari haikauki ikaisha. Hujificha ndani ya sili na milango, huvuta unyevu hewani na kuendelea kula kimyakimya hata huku juu kwetu. Osha mashimo yote ya ndani kwa maji mengi, mara kadhaa, yatoke masafi. Halafu acha milango wazi juani mchana kutwa. Ndiyo, unaosha kutu kwa maji. Kilicho kibaya si maji yanayopita, ni yale yanayokaa.

Injini iliyoshika usiipige stata wala usiivute kwa gari lingine. Utavunja kitu ambacho pengine ni kizima. Toa plagi nne, mimina kwenye kila silinda mafuta ya gia otomatiki yaliyochanganywa na dizeli kidogo, uache siku kadhaa, ukiongeza yanapopungua. Kisha weka gia huru, tia spana ndefu kwenye nati ya puli ya krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, usukume kidogo mbele, kidogo nyuma. Ukisikia imeachia hata upana wa ukucha, usishangilie kwa kuizungusha yote. Rudi mbele na nyuma, ongeza mafuta. Ikizunguka kamili kwa mkono, mwaga oili ya zamani, weka mpya, ndipo uanze kufikiria betri. Petroli iliyolala miaka yote hiyo inanuka kama vanishi na itaziba kabureta, kwa hivyo tangi lishushwe na lisafishwe. Lakini nisikilize hapa: mtu yeyote atakayekuambia atalichomelea tangi hilo kwa sababu halina petroli tena, mfukuze. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka.

Breki ni kazi ya fundi, ukiwa umesimama pale ukitazama. Mipira ya ndani imekauka, mafuta ya breki yamenyonya maji na silinda zimeshika kutu. Vumbi la breki za zamani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa maana enzi hizo ziliwekwa asbesto. Lowesha, pangusa, tupa kitambaa.

Sasa chuma. Utahitaji grainda yenye brashi ya kikombe, miwani inayofunika macho pande zote, barakoa ya vumbi, glavu na stendi nne za jeki. Stendi, si mawe ya kujengea wala bloku za saruji. Bloku hupasuka bila kuaga. Rangi ya mwaka 1979 huenda ina risasi, kwa hivyo piga msasa wa maji na watoto wakae mbali. Vumbi hilo ni hatari kwao kuliko kwako.

Palipooza kata hadi ufike kwenye chuma safi kinachong'aa, ongeza upana wa kidole. Mtu mgeni huogopa kukata, huacha ukingo uliochakaa, kisha moto wa kuchomelea unaula na shimo linazidi kila anapogusa. Tengeneza kiraka kwanza kwa kadibodi, kikikaa vizuri ndipo uhamishie kwenye chuma. Ukienda Kariobangi Light Industries au Industrial Area, uliza bamba jeusi la geji 20, ambalo ni karibu milimita 0.9. Usikubali mabati ya kuezekea. Yamepakwa zinki, na moshi wa zinki humtia fundi homa usiku.

Kuchomelea kwenyewe usijifunzie kwenye gari unalolipenda. Mashine ya vijiti, ile ya kutengenezea mageti, hutoboa bamba jembamba kama hilo. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, mpelekee vipande vimeshakatwa, vimesafishwa na vimekaa mahali pake. Utamlipa nusu siku badala ya juma. Atie nukta nukta, mara hapa mara kule, asivute mshono mmoja mrefu, kwa sababu joto litalipinda bamba. Kabla hajawasha, betri imetolewa, zulia na viti viko nje, bomba la petroli limekingwa, na kizima moto kiko mkononi mwako, si ndani ya nyumba.

Chuma kilichowekwa wazi kisilale. Kufikia asubuhi umande wa Nairobi utakuwa umeshakipaka rangi ya chungwa. Pangusa kwa thina, piga praima ya epoksi, yaani rangi ya msingi, siku hiyohiyo, na ndani ya sili, ambako brashi haifiki, nyunyiza nta ya kuzuia kutu baada ya kazi yote ya moto kuisha. Sipendi mazoea ya kumwaga oili chafu humo. Inadondoka, inanuka, na fundi wa rangi atakulaani. Ile dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi inafaa kwa vipele vya mahali usipofikia. Haijengi chuma kilichokwisha.

Kwa vipuri vidogo, kama bawaba, mabano na vichwa vya bolti, kuna njia ninayoipenda kwa sababu dawa yake iko jikoni. Ni magadi. Yale yale ya kulainisha maharagwe na githeri, kutoka Ziwa Magadi. Yakoroge kwenye ndoo ya plastiki yenye maji, tundika kipuri ndani, kisha tundika pembeni kipande cha chuma cha kutupwa, visigusane. Chukua chaja ya betri ya volti 12 ya aina ya zamani: waya hasi kwenye kipuri, waya chanya kwenye chuma cha kutupwa. Ukibadilisha, kipuri ndicho kitakacholiwa. Viputo vitaanza, maji yatageuka kahawia, na kesho yake kutu itatoka kwa brashi ya kufulia kama tope jeusi. Fanya nje, pasiwe na sigara wala jiko karibu, kwa kuwa viputo hivyo ni hidrojeni. Usitumie kijiko wala sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu ya kromu majini, na usitumbukize kitu cha alumini kama kabureta. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Suuza, kausha, piga praima papo hapo.

Tumrudie fundi wa 85,000. Simchukii mtu wa rangi, ila majuma mawili hayatoshi kukata yote uliyoniandikia, kwa hivyo amepanga kuyafunika. Puti si adui. Tabaka jembamba juu ya chuma kizima ni kazi halali. Ikiwekwa juu ya kutu hunyonya unyevu, na mvua za masika zikija malengelenge yatarudi, safari hii ukiwa umelipa. Omba akuonyeshe gari alilopaka miaka miwili iliyopita, upite nayo na sumaku yako. Hata hivyo rangi ya mwisho usipulize mwenyewe nyumbani. Hadina, ile dawa ya kugandisha rangi, ya rangi za kisasa za mikebe miwili ina isosianeti, kitu kibaya kwa mapafu, na barakoa ya kawaida haikizuii. Ukiamua kubadilisha rangi, kumbuka imeandikwa kwenye logbook, kwa hivyo NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wajulishwe.

Na hiyo logbook iko kwa jina la nani? Kama bado ni la mjomba, ihamisheni kupitia eCitizen kabla hujatumia shilingi moja, wakati yeye yupo na ana afya. Gari la marehemu linahitaji mahakama ya urithi, na binamu ambao leo wanalicheka litakapong'aa watalikumbuka.

Mkeo sasa. Hajakosea. Amepoteza kioo cha gari lake kwa ajili ya gari lisilozunguka, na katika mji huu huenda akauziwa kioo chake mwenyewe. Nunua kioo hicho wewe, kabla ya grainda. Kisha mwombe mjomba, 504 irudi Kikuyu, si chini ya mparachichi bali chini ya paa la turubai lililoinuliwa ili hewa ipite. Jumamosi nenda ukafanye kazi za chini na za injini huko, ambako grainda haimwamshi mtoto wa jirani. Nyumbani Buruburu leta kitu kimoja kimoja: mlango mmoja, ndoo ya magadi, kiti cha kushona. Gari lote lirudi siku litakapoingia getini kwa injini yake na kusimama kwa breki zake.

Mkopo wa sacco sahau. Gharama ya kutu haijulikani hadi umekata, na mkopo unaanza kudai mwezi wa kwanza. Tengeni kiasi cha kila mwezi ambacho mke wako amekitaja yeye, na kikiisha tarehe kumi, spana zilale hadi mwezi ujao. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta vipuri, beba kile cha zamani mkononi; ukisema tu "ya 504" utarudi na cha 505. Kuhusu Desemba, mwambie ukweli: vuli huanza Oktoba, na kazi ya bodi wakati wa mvua hailipi. Mwahidi injini inayounguruma kufikia hapo, bodi Januari na Februari, jua likiwa kali. Ukitaka ashawishike, mpeleke Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse. Yamekuwepo miaka mingi, wenye magari husimama kando yake siku nzima na hupenda kuulizwa. Waulize hasa walivyofanya sili.

Ukishapima lile pengo la mlango, niandikie vipimo vyote viwili, gari likiwa chini na likiwa juu, pamoja na picha ya ndani ya mfereji wa wipa ukishatoa majani. Usimpe mtu yeyote pesa kabla sijakujibu.

Shangazi wako